Utafiti wa matibabu na mgonjwa wako wa nyumbani: maswali mnayoniuliza sana hapa Malindi

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, nazunguka Maweni na Kisumu Ndogo na mkoba wangu mgongoni, na karibu kila nyumba nikiingia kupima presha nauliziwa kitu kuhusu utafiti. Mara ni KEMRI ya Kilifi, kile kituo cha utafiti wa matibabu, mara ni kitu mtu ametumiwa kwa WhatsApp, mara ni daktari kamwambia "siku hizi tumebadilisha". Nimeyakusanya maswali yanayorudi rudi nikayapanga hapa. Ukiona jibu limeguswa kwengine ntakuelekeza huko.

## Mwanzo kabisa

Utafiti wa matibabu ni nini, na una tofauti gani na kutibiwa kawaida?

Ukitibiwa kawaida, daktari anakupa kile kinachojulikana kinakufaa wewe, basi. Kwenye utafiti kuna swali ambalo jibu lake halijulikani, kwa mfano dawa hii na ile ipi inaokoa watoto wengi zaidi, kwa hivo watu wanaokubali wanagawanywa makundi kwa kura, kundi hili linapata hii, kundi lile linapata ile, kisha watu wanahesabu nini kimetokea.

Ile kura ndio roho ya mambo. Bila kura daktari anaweza kumpa dawa mpya mgonjwa anayeonekana ana nafuu na ya zamani yule mahututi, bila hata kukusudia, halafu mwisho dawa mpya inaonekana ya ajabu kumbe wagonjwa ndo hawakuwa sawa tangu mwanzo.

Mbona madaktari wanageuka geuka, leo hivi kesho vile?

Naelewa inachosha. Lakini wakigeuka kwa sababu wamehesabu na kuona walikuwa wanakosea, huo ni uungwana. Mfano mzito kuliko yote ulitoka hapa hapa jirani, angalia swali la dripu.

Nikisikia "imepunguza kwa asilimia 60" niifahamu vipi?

Uliza asilimia 60 ya nini. Chukua ule utafiti wa kina mama wanaotokwa na damu baada ya kuzaa, nimeueleza chini. Kati ya kina mama 1,000 waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, 43 walifikia hali mbaya sana, yaani walitokwa na damu nyingi mno, au wakapasuliwa tumbo kwa ajili ya damu hiyo, au wakafariki kwa sababu yake. Waliohudumiwa kwa njia mpya, 16. Kutoka 43 hadi 16 ndo hiyo kama asilimia 60. Haimaanishi kina mama 60 kati ya 100 wameokolewa, manake wengi hawakuwa hatarini kwanza. Bado ni jambo kubwa sana, kina mama 27 katika kila elfu si watu wa kupuuzwa, lakini ukiijua hesabu hutadanganywa na tangazo la dawa linalotaja asilimia peke yake.

## Watoto

Mtoto wangu alikuwa na homa kali, amelegea, mikono baridi, mbona hawakummiminia dripu haraka?

Hili ndo naulizwa kuliko yote na ntalijibu kwa urefu.

Nyote mnaijua ile hali. Mtoto kalala mapajani kwa mamake, shingo haikai, ukishika vidole vya miguu ni baridi kama vimetoka majini na huku kifua kinachoma, na shangazi amesimama mlangoni anapaza sauti mtilieni maji jamani mtoto anakufa. Zamani nesi angemsikiza bila kubishana, sababu vitabu vyote vilisema hivo hivo: damu ya mtoto haizunguki vizuri, mmiminie maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka. Ndivyo walivyofanya Ulaya na Marekani, na sisi tuliona tunakosa tu vifaa vya kufanya kama wao.

Lakini hakuna aliyekuwa amehesabu kwa watoto wa huku. Ndipo timu ya Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi ikafanya utafiti ulioitwa FEAST, hospitali ya Kilifi, ya Muheza kule Tanzania, na nne za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Kwa kura, wengine wakamiminiwa maji ya haraka, wengine hawakumiminiwa, ila wote walipata dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni, damu kwa aliyehitaji, na maji ya polepole ya kawaida.

Wote walitegemea waliomiminiwa watafanya vizuri. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hesabu zilikuwa zinasema kinyume. Katika masaa 48 ya kwanza, waliomiminiwa walifariki kama 105 kati ya kila 1,000, wasiomiminiwa 73. Yaani kile kitu tulichokuwa tunakililia mlangoni kilikuwa kinawaongezea hatari watoto wetu, na isingejulikana mpaka leo kama wazazi wale, usiku, na mtoto mahututi mkononi, hawangekubali. Mimi kila nikifikiria hili nawashukuru wazazi wale ambao siwajui.

Matokeo hayakufika wodini siku moja, miongozo ya hospitali ilichukua miaka kubadilika na bado ukienda kliniki za kulipia huku mjini utapata anayemiminia kila mtoto sababu mzazi anaona dripu ndo pesa yake imefanya kazi. Kwa hivo ukiona nesi anapima mapigo, anaweka oksijeni, anatoa damu ya kupima, na maji yanadondoka polepole au hayapo, usidhani umepuuzwa.

Kwa hivo dripu ni mbaya?

Hapana, na hapa naomba musikilize sana sababu nimeshakutana na mama anayekataa maji kwa mtoto anayeharisha. Watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye FEAST, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama, huyo anahitaji maji na anaweza kuhitaji ya mshipani. Asiyekauka sana anywe ORS na apewe zinki. Mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa pia anawekewa. Tofauti ni ugonjwa gani, na hiyo anaamua anayempima mtoto.

Kwinini imeenda wapi? Sisi tulikua na kwinini.

Kwa malaria kali tumehamia sindano ya atesuneti. Utafiti wa mwaka 2010 ulipima watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki 109 kati ya 1,000, waliopewa atesuneti 85. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likageuza mwongozo wake kwa watoto. Pia kwinini ilikuwa inashusha sukari ya damu na kuleta degedege zaidi. Na tukiwa hapo kwa degedege: najua nyumba nyingi mtoto akikakamaa wanasema ni nyuni, anafukizwa kwanza. Siwatukani wazee, lakini mpelekeni hospitali kwanza, sindano hii inafanya kazi ikiwahi.

Chanjo ya malaria ilijaribiwa Kilifi, mbona wa kwanza kupata ni watu wa ziwani?

Linauma, nakubali. Chanjo ya kwanza, RTS,S, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 kwenye kaunti za upande wa ziwa kwa sababu huko malaria ni kali zaidi, na chanjo zilikuwa chache. Ya pili, R21, ilipimwa kwa watoto zaidi ya 4,800 Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kilifi, na sehemu kama za kwetu, ambako malaria haifuati msimu mmoja, ilizuia karibu asilimia 68 ya malaria ndani ya mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2023. Uliza kliniki yako ya watoto kama imefika, usisubiri tetesi.

Chandarua kisidharauliwe kwa sababu ya chanjo. Utafiti uliochapishwa 1996, wa hapa Kilifi, ulionyesha vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa thuluthi moja. Nikiingia nyumba nikakuta chandarua kimefanywa uzio wa kuku roho inaniuma wallahi.

Mwanangu ana selimundu (sickle cell). Kuna dawa kweli au ni kusubiri tu?

Ipo, haidroksiyurea, na ni habari ambayo familia nyingi za pwani bado hazijaipata. Zamani ilijulikana inasaidia Marekani lakini watu waliogopa kuitumia huku, wakisema labda itawaongezea watoto malaria kwa sababu inagusa damu. Utafiti wa REACH uliwapa watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018. Yale maumivu makali ya mifupa yalipungua zaidi ya nusu, kuongezwa damu kulishuka kwa karibu thuluthi mbili, vifo vikapungua, na malaria haikuongezeka, ilipungua kama nusu.

Niseme ukweli wote: huu haukuwa wa kura. Kila mtoto alilinganishwa na yeye mwenyewe kabla ya kuanza dawa, kwa hivo si mzito sawa na FEAST, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kuwa bahati tu. Dawa hii lazima damu ipimwe mara kwa mara, usimnunulie mtoto dukani ukamuanzishia peke yako. Omba kliniki ya selimundu, na ukiambiwa "vumilia tu ndo ugonjwa wenyewe" omba kuonwa na mwengine.

## Mama na mtoto mchanga

Nilipozaa niliwekewa karatasi ya plastiki yenye mistari, ya nini?

Ya kupima damu. Ni shuka ya plastiki inawekwa chini ya makalio, mwisho wake una mfuko wenye mistari ya mililita. Zamani nesi alikuwa anatazama kwa jicho, damu imelowa kwenye shuka na leso na pamba, anakadiria. Jicho linadanganya, hasa saa tisa usiku nesi yuko peke yake na wazazi wanne. Katika utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kina mama zaidi ya 200,000, njia ya kawaida iligundua karibu nusu tu ya kina mama waliotokwa na damu kupita kiasi. Kwa mfuko iligundua 93 kati ya 100.

Ila mfuko peke yake hautibu. Damu ikifika mstari, vitu vinafanyika pamoja bila kusubiri kimoja kishindwe: kusugua tumbo, dawa ya kukaza mji wa mimba, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa, kukagua inatoka wapi. Hesabu ya waliookolewa nimeitoa juu kwenye swali la asilimia. Kama unapanga kuzaa uliza kliniki: damu mnaipima vipi? Swali moja tu hilo, si utovu wa adabu.

Mtoto njiti anahitaji mashine, kumuweka kifuani si ni kwa sababu hatuna vifaa?

Tulifikiri hivo wote. Utafiti wa 2021 ulichukua watoto 3,211 wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kundi moja walisubiri mtoto atulie kwanza ndo awekwe kifuani, kama ilivyokuwa kawaida. Kundi la pili waliwekwa kifuani mapema tu baada ya kuzaliwa, kama masaa 17 kwa siku, huku matibabu mengine yakiendelea. Ndani ya siku 28, waliosubiri walifariki 157 kati ya 1,000, waliowekwa mapema 120. Na huu nao ukasimamishwa kabla ya wakati, safari hii kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kwa hivo kifua cha mama ni tiba hata pale mashine ipo. Baba au bibi wanaweza kupokezana.

Binti yangu amepigwa chanjo ya HPV sindano moja, dada yake alipigwa mbili. Mmoja amepunjwa?

Hapana. Utafiti wa KEN SHE wa hapa Kenya uliwapa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, wengine HPV dozi moja, wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo ili kulinganisha. Kwa miezi 18 dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya zile aina mbili za virusi zinazoongoza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja kwa wasichana. Anayeishi na virusi vya ukimwi anahitaji zaidi ya moja, hilo muulize nesi faraghani.

## Ukiombwa kushiriki

Wanachukua damu nyingi, wanaipeleka wapi? Watu wanasema mumiani.

Nimekua na hadithi za mumiani, bibi yangu alikuwa akitufungia mlango magharibi. Siwacheki wanaoogopa, manake mtu mgeni anakuja na gari, anamchoma mtoto, anaondoka na chupa, hakuna aliyekueleza. Dawa ya hofu hiyo ni kuelezwa, na una haki. Uliza: mnatoa mililita ngapi? Kijiko cha chai ni mililita 5, waambie wakuonyeshe kwa kijiko. Uliza inapimwa nini, itawekwa muda gani, itapelekwa nje au itabaki Kilifi. Vyote vinatakiwa viwe kwenye fomu ya ridhaa. Mtu akikasirika ukiuliza, usitie sahihi.

Nikikataa, au nikianza nikajitoa, nitanyimwa matibabu?

Hapana. Unatibiwa kama kila mtu na hulazimiki kusema sababu. Kila utafiti wa watu lazima upitishwe na kamati ya maadili, na ukiwa wa dawa upite pia Bodi ya Dawa na Sumu. Kwenye fomu kuna namba ya kamati hiyo, ipige picha uondoke nayo.

Watanilipa?

Nauli na muda uliopoteza kawaida wanafidia. Kama pesa ndo sababu pekee inayokuvuta, tulia kwanza, lala nayo usiku mmoja.

Si nitapewa dawa bandia nife?

Kama kuna dawa inayojulikana inaokoa, hawaruhusiwi kukunyima wakupe kidonge tupu. Tazama mifano yote ya juu: kwenye FEAST kila mtoto alipata dawa, kwenye KEN SHE kundi la kulinganisha lilipata chanjo nyengine ya maana.

## Mambo ya pembeni yanayoleta utata

Nimetumiwa kwa WhatsApp kwamba mti fulani unaua saratani, utafiti umethibitisha.

Uliza ulithibitishwa kwa nani. Mara nyingi ni seli ndani ya kichupa au panya. Hata jiki inaua seli za saratani ndani ya kichupa. Ukikosa kuona idadi ya watu, walilinganishwa na nini, na wangapi walipona, usiache dawa ya hospitali.

Utafiti wa Kwale unasema ivamektini, ile dawa ya minyoo, inazuia malaria, ninunue ile ya mbuzi?

Usinunue, nakuomba. Ni kweli utafiti ulifanywa Kwale ukatoka 2025, watu wa kijiji walipewa dozi moja kila mwezi kwa miezi mitatu, na watoto wa miaka 5 hadi 15 walipata maambukizi ya malaria machache kwa asilimia 26. Lakini soma inavyofanya kazi: dawa inaua mbu aliyekuuma, kwa hivo anayefaidi ni jirani atakayeumwa baadae. Ukimeza peke yako huku mtaa mzima haujameza ni bure. Na ya mbuzi kipimo chake si chako. Wajawazito na watoto wa chini ya kilo 15 hawakupewa kabisa.

Mimi nina figo mbovu, au nina mimba, au nina miaka 80. Matokeo yananihusu?

Labda, labda la, na hili ndo swali zuri kuliko yote kumuuliza daktari: watu kama mimi walikuwemo? Mfano ni chumvi yenye potasiamu. China watu karibu 21,000 waliitumia au wakabaki na ya kawaida, na kiharusi kikapungua kwa asilimia 14. Mwenye figo mbovu hakuhusishwa, sababu potasiamu ikirundikana inasimamisha moyo. Chumvi ile ile, nyumba moja, baba inamfaa na mama inaweza kumdhuru.

Sisi tuko Faza, mpaka tufike hospitali Amu ni boti. Haya yote si ya watu wa mjini?

Mengine ndio. Atesuneti ya mshipani na damu ya kuongeza zinataka hospitali. Lakini FEAST ilifanywa kwenye wodi zisizo na mashine za kupumulia, ndo maana inatufaa sisi zaidi ya watu wa London. Na lile la mtoto njiti halihitaji hata stima. Akizaliwa mdogo na mnampeleka Amu, asilazwe peke yake kwenye beseni la nguo. Mvue abaki na nepi na kofia, mlaze kifuani kwa mamake ngozi kwa ngozi, uso umegeukia upande mmoja na shingo haijakunjika ili apumue, mfunge kwa leso kwa nguvu ya kutosha asiteleze boti ikirushwa na mawimbi, leso ya pili juu kwa ajili ya upepo na maji ya chumvi. Mama akae katikati ya boti. Mtu mmoja kazi yake iwe kumtazama mtoto midomo na kifua safari nzima mpaka gatini.